Kicheni Pati ya Akheri na Simu za Daraja Mbili

Siku ile mliponiaga pale dukani Kijenge mlinipa kiti cha mbele, soda na kipaza sauti. Nikasimama, nikasema "Asanteni," nikakaa. Mzee Kimaro, bosi wetu, alicheka mpaka akavua miwani, na nyinyi mkapiga makofi ya huruma. Mtu aliyekaa nyuma ya kamera karibu maisha yake yote ukimweka mbele ya hiyo kamera anasahau hata jina la mama yake. Kwa hiyo yale mliyotaka niyaseme nimeamua kuyaandika. Shule yangu ni ya msingi tu na mkono wangu ni mzito. Ukurasa mmoja unaweza kula asubuhi nzima. Lakini huku kijijini kwetu Akheri nina kahawa na migomba, na vyote viwili havimharakishi mtu.

Sitafuata mwaka kwa mwaka. Nitaandika kama yanavyonijia. Kubwa kuliko yote ni lile la Shangazi na mwiko, ambalo kila mmoja wenu amesikia nusu yake. Nitalifikia.

Nianze na namna nilivyoingia kazini. Mzee Kimaro alikuja Arusha kutoka Kilimanjaro na kamera moja ya video, kubwa kama kreti la soda, akafungua studio. Harusi alipiga, kipaimara alipiga, misiba alipiga. Kilichomshinda ni kicheni pati. Ile ni sherehe ya wanawake watupu: bibi harusi anapewa vyombo, anafundwa mambo ya ndoa, na yanayosemwa mle ndani hayatoki nje. Mzee alimtuma kijana wake mmoja, naye akarudi mapema mno, mgongoni ana alama ya unga yenye umbo la mwiko. Hapo akaelewa kwamba anahitaji mwanamke. Mimi nilikuwa naosha vyombo kwenye mgahawa wa jirani.

"Binti, unaweza kushika kamera?" aliniuliza.

"Sijui."

"Unaweza kunyamaza?"

Sikujibu.

"Basi kazi umepata."

Wale kati yenu wenye aibu wasijilaumu. Katika kazi hii aibu ni mtaji. Mpiga picha mchangamfu kila mtu anamtazama yeye, na video yake inajaa watu wanaotabasamu kwenye lenzi kama wanapigwa picha ya pasipoti. Nyinyi ingieni mapema. Chukueni kiti kifupi, kaeni karibu na masufuria, saidieni kumenya viazi. Kamera iwe mapajani, imezimwa. Mtu akishakuomba umpitishie chumvi, ujue ameshasahau kwamba wewe ni mpiga picha. Hapo ndipo unawasha.

Sasa habari ya kuhifadhi, maana ndiyo hasa mliyoniuliza. Mimi nilianzia kwenye kanda. Tulizipanga kabatini, na masika yakiisha unafungua kabati unakuta ukungu mweupe umeota kwenye utepe. Tulifuta kwa pamba na kumwomba Mungu. Zikaja sidii, ambazo watoto wa wateja walizifanya magurudumu ya magari yao ya kuchezea. Zikaja flashi, na flashi ikishaingia kwenye mkoba wa mwanamke haionekani tena. Mwishowe zikaja diski, na Mzee Kimaro akaweka sheria kwamba kila kazi ikae sehemu tatu.

"Ukiniambia ipo sehemu moja," alikuwa akisema, "mimi nasikia haipo."

Nakala ya kwanza ilikaa kwenye kompyuta ya duka. Ya pili ilikaa nyumbani kwake. Ya tatu nilikuja nayo huku Akheri kila mwisho wa juma, nikaiweka kwenye sanduku la nguo. Ili wezi wa stendi wasiione, niliiviringisha kwenye kitenge na kuifunika kwa ndizi mbivu. Mama yangu alivumilia wiki kadhaa, kisha akaniuliza ni kwa nini nanunua ndizi mjini na kuzileta kwenye shamba la ndizi. Kwa kitambo fulani harusi zetu zote zilinuka ndizi.

Halafu diski ya nyumbani kwa Mzee ikaletwa dukani kunakiliwa, naye akanyoosha miguu chini ya meza. Waya ukavutika, diski ikaanguka sakafuni. Tangu hapo ikawa inagonga tu ndani kwa ndani, tik, tik, na haifunguki. Mle kulikuwa na kipaimara cha watoto wa usharika mzima, kadi za kamera tulikuwa tumeshazifuta, kompyuta ilikuwa imejaa tukaipunguza, na ya Akheri ilikuwa bado haijapata kazi ile. Tuliwaomba wazazi msamaha, tukawavalisha watoto kanzu nyeupe upya na kuwapiga tena. Mtoto mmoja alikuwa ameshakwenda shule ya bweni, wakamleta mdogo wake asimame badala yake. Picha ile ipo mpaka leo. Ukiitazama vizuri utaona mikono ya kanzu inafika magotini.

Baada ya aibu ile ndipo Mzee alipokubali tuhifadhi mtandaoni. Wengine wanaita wingu. Sisi wa mlima huu tuna mawingu ya kutosha, kwa hiyo dukani tuliita ghala. Alichoogopa Mzee ni kimoja.

"Yaani harusi za watu nizipeleke kwa watu nisiowajua?"

"Zinafungwa, mzee. Bila nenosiri hakuna anayeingia."

"Nenosiri nitalichagua mimi," akasema. Akalichagua, akaliandika, akalisahau siku hiyo hiyo. Ikawa kila akitaka kuingia ghalani anapaza sauti kutoka mbele, nami nipo nyuma nahariri. Siku moja mbele alikuwepo mchungaji, amekuja kwa picha za pasipoti.

"Eti nenosiri ni lipi tena?"

Nikajifanya sijasikia.

"Binti, nenosiri."

"Ni kile kitu cha kwenu Moshi, mzee."

"Kitu gani cha Moshi?"

"Cha kwenye kata."

Nikamsikia mchungaji anasema polepole, "Mbege?"

Mzee, ambaye kanisani alikuwa mzee wa baraza na pombe ile ya ndizi hakupaswa hata kuitaja, akaandika, akabonyeza. "Inakataa."

"Ongeza 'tamu'," nikasema, na nikatamani sakafu inimeze.

Tulilibadilisha siku hiyo hiyo, na nikaweka ulinzi wa pili, ile namba inayokuja kwenye simu. Basi na nyinyi msiliseme nenosiri kwa sauti, msilibandike nyuma ya kalenda kama alivyofanya baadaye, na msichague kitu ambacho hamwezi kukitamka mbele ya mchungaji.

Tena, mkishapakia kazi ghalani msiamini alama ya kijani kwamba imefika. Chukueni simu nyingine kabisa, fungueni faili, tazameni mwanzo, katikati na mwisho. Mimi nimewahi kupakia harusi nzima, umeme ukakatika, na ikabaki ghalani harusi inayoishia kabla bwana harusi hajajibu "Ndiyo".

Na kuna kugawa. Njia ni mbili. Ya kwanza ni linki ya wazi: yeyote atakayeipata anafungua, na mkiiweka kwenye grupu la familia jioni, kesho yake ipo kwenye grupu la wauza mitumba. Ya pili ni kuandika anwani ya baruapepe ya mtu mmoja mmoja, na faili linafunguka kwake tu. Kwa picha za kanisani linki inatosha. Kwa kicheni pati ni anwani, hata mteja akinung'unika namna gani. Hili nililijua vizuri. Ndiyo maana lile la Shangazi lilinipata nikiwa nimejiamini kabisa.

Binti aliitwa Eliwaza, na kwao ni hapa hapa Akheri. Kicheni pati yake ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi iliyofuata ilikuwa sendofu, ambapo ndugu wa binti wanamkabidhi kwa upande wa mume. Kufunda alifunda Shangazi yake, dada wa baba, kiongozi wa wanawake usharikani. Ni mwanamke mrefu ambaye akiingia uani hata kuku wanajitazama mwenendo. Kabla hajaanza alinifuata pale kwenye masufuria.

"Hiyo kamera yako ina mdomo?"

"Haina, Shangazi."

"Na wewe?"

"Mimi pia sina."

"Mwanaume akiyaona haya, nitakutafuta. Kwenu napajua."

Nikamwahidi kwamba hakuna mwanaume atakayeona. Akafunda. Yale ya mafundisho siyaandiki. Baada ya chakula, watu wameshiba loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, na wamelegea, akachukua mwiko, akajifunga kanga begani kama koti, na kumwonyesha Eliwaza baba mkwe atakayeishi naye. Huyo ni Mzee Lyimo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Siku ya maongezi ya mahari mzee huyo alisinzia na kikombe cha chai mkononi, akakoroma kabisa, na aliposikia mtu ametaja nyama akafumbua macho na kusema, "Tuendelee." Shangazi aliyafanya yote. Mwiko ukawa fimbo, ukawa kikombe. Alikoroma mpaka kanga ikapanda na kushuka.

"Ndiye utakayempikia," akamwambia bibi harusi. "Kwa hiyo ukitaka akusikie, lolote ulilo nalo litaje pamoja na nyama."

Wanawake walianguka kwenye mikeka. Mimi mwenyewe nilitetemeka na kamera yangu.

Mtu mmoja tu alikosa. Huyo ni Mama Mkubwa, dada mkubwa wa mama yake Eliwaza, ambaye binti aliishi kwake mjini, Daraja Mbili, miaka yote ya shule. Aliteleza kwenye matope, mguu ukavunjika, ukafungwa plasta. Akaomba aletewe video. Nikamuuliza Shangazi.

"Huyo ni mwanamke," akasema, "na kwa sasa hawezi kukimbia kwenda kusimulia. Mpelekee."

Jumatatu nikaipakia ghalani, nikaenda kwa Mama Mkubwa. Anwani yake hakuijua, akanipa simu nitafute mwenyewe. Nikaikuta, nikainakili herufi kwa herufi, nikampa ruhusa yeye peke yake. Video ikafunguka. Akacheka huku ameshika plasta kwa mikono miwili. Niliondoka pale nikijiona mtaalamu.

Jumatano akanipigia.

"Mwanangu, ile video naitafuta siioni. Naona mbuzi tu."

"Mbuzi gani, Mama?"

"Wale wa siku zote."

Nikaenda. Kwenye simu yake kulikuwa na mbuzi wengi, wamepigwa wa mbele na wa pembeni. Kulikuwa na pikipiki, risiti za saruji, na mtoto mchanga anaoshwa kwenye beseni.

"Mama, hizi picha ni za nani?"

"Si zilikuja na simu?"

"Zilikuja na simu?"

"Kama kalenda. Ukinunua kalenda si inakuja na picha zake? Mimi nikajua yule kijana aliyeniuzia ameniwekea mbuzi."

"Na huyu mtoto?"

Uso wake ukachangamka. "Huyo amekua, we acha tu. Alipokuja alikuwa hana hata jino. Pitisha huku mbele uone, sasa anasimama."

Picha haziji na simu, na mtoto wa kalenda haoti meno. Maana yake kuna simu nyingine zilizofungwa kwenye akaunti hiyo hiyo, na kila kinachoingia kwenye moja kinaonekana kwenye zote. Ile anwani niliyoinakili kwa uangalifu haikuwa ya Mama Mkubwa peke yake. Niliondoa ruhusa pale pale. Hilo ndilo jema la ghala: kanda ukishaitoa huwezi kuivuta, lakini ruhusa unaifuta kwa kidole. Ila aliyeshaona ameona.

Kijana aliyemuuzia simu ana kibanda hapo hapo Daraja Mbili. Ni kijana mwenye adabu.

"Shikamoo mama, karibu."

"Marahaba. Hii baruapepe ni ya nani?"

"Ya wazee wangu," akasema bila wasiwasi. "Mzee akinunua simu lazima awe na akaunti. Ukianza kumfungulia inauliza tarehe ya kuzaliwa, naye anakuwa mkali: tarehe yangu unaitakia nini? Nikaona niwapunguzie taabu. Nikafungua moja, nikawawekea wote."

"Wote wepi?"

"Wote walionunua kwangu."

"Kwa hiyo na wewe unaziona picha zao?"

"Kwenye yangu niliitoa zamani, mama. Nilichoka na mbuzi."

Nikakumbuka zile risiti za saruji. Nikauliza kwa sauti ndogo kama kuna mteja anaitwa Mzee Lyimo.

"Wa vifaa vya ujenzi? Huyo ndiye mteja wangu mkubwa."

Alipoelewa alichokifanya, yule kijana hakubisha. Aliwapigia wateja wake walete simu, nami nikakaa naye kwenye benchi tukamfungulia kila mmoja akaunti yake na kuhamisha picha zake. Mwenye mbuzi alikuja wa kwanza, mtu wa maziwa.

"Kwa hiyo watu wamekuwa wakiwatazama mbuzi wangu muda wote huu?"

"Samahani, baba."

"Kuna aliyeulizia bei?"

Mzee Lyimo akaja na fimbo yake. Nilimwamkia nikitazama chini. Alinipa simu, akasubiri mpaka nikamaliza. Alipoichukua akaigeuza mkononi, akasema, "Na mimi nilidhani simu hii ina akili. Inajua mpaka mambo ya Akheri." Akaondoka. Sikuona tabasamu wala hasira.

Mzee Kimaro akanishauri tunyamaze, huenda hajaona.

"Ametaja Akheri, mzee."

"Basi nenda kwa yule mama," akasema, "na vaa viatu vya kukimbilia."

Nilimkuta Shangazi anageuza kahawa kwenye meza ya kuanikia. Nikamweleza yote, la mbuzi, la mtoto, la risiti. Hakuinua macho.

"Aliyeona ni nani?"

"Nadhani Mzee Lyimo."

Mkono wake ukaendelea kusambaza kahawa. "Nenda ukafute."

"Nimeshafuta, Shangazi. Kwenye simu yake haipo tena."

"Nenda ukafute kichwani mwake."

Nikaanza kuokota mbovu kwenye kahawa yake.

"Jumamosi mimi sisimami mbele ya mzee yule," akasema. "Watafute mtu mwingine wa kumkabidhi mtoto."

Lilikuwa jambo zito. Kwa ukoo wao shangazi ndiye anayemshika binti mkono na kumweka mkononi mwa baba mkwe. Shangazi akikosekana, upande wa mume wanaelewa kwamba nyumbani kwa binti hawajaridhia. Ukumbi umeshalipiwa, ng'ombe ameshachaguliwa, na Eliwaza hajui lolote. Sikujua niende kwa nani. Nikatoa simu nikampigia Mama Mkubwa, nikamweleza, nikaweka sauti ya nje, nikaiweka simu juu ya kahawa.

"Wifi," Mama Mkubwa akasema, "nasikia Jumamosi huji."

"Siji."

"Hakuna shida. Mimi nitakuja na plasta yangu nimkabidhi. Nitachechemea toka mlangoni mpaka mbele, polepole, watu wote wananitazama. Wakiuliza shangazi mtu yuko wapi, nitasema yupo nyumbani, anamwogopa mzee anayesinzia."

"Simwogopi."

"Mimi nitasema unamwogopa."

Shangazi aliitazama ile simu kama angeigeuza pamoja na kahawa. "Wewe plasta yako ikitoka tutaongea," akasema. Kisha akaniambia mimi: "Chukua simu yako, inaniharibia kahawa."

Sikujua kama hilo ni ndiyo au hapana. Siku mbili zile sikula vizuri.

Jumamosi alikuja. Kitenge kimepigwa pasi, shingo imenyooka, hakunisalimia. Nilisimama na kamera kwenye njia ya katikati ya ukumbi. Wakati wa kukabidhi ulipofika alimshika Eliwaza mkono, akaja naye mbele mpaka hatua chache kutoka meza ya wakwe. Mshereheshaji akamwita Mzee Lyimo asimame ampokee binti.

Mzee hakusimama. Alivuta kikombe chake cha chai, akakishika kifuani, akaegemea kiti, akafumba macho, na kuanza kukoroma kwenye kipaza sauti kilichokuwa mezani.

Wanaume wakatazamana. Mtoto wake mmoja akainuka kumtikisa bega. Lakini kwenye meza za wanawake niliona vitambaa vinapanda kwenye midomo, kimoja baada ya kingine, na Mama Mkubwa ameuma mkongojo wake. Nikamsogezea Shangazi lenzi. Alikuwa amesimama wima, mkono wa Eliwaza mkononi mwake, anamtazama yule mzee. Mkoromo ukaendelea. Nilijua akigeuka tu, atatoka na binti na mimi sitakuwa na pa kuishi Akheri.

Shangazi akasema, wala si kwa sauti kubwa, "Nyama imeiva."

Mzee Lyimo akafumbua macho. "Tuendelee," akasema, akasimama, akanyoosha mikono kumpokea mkwe wake.

Zile meza za wanawake zilivyolipuka, maspika yalipiga mluzi. Shangazi alicheka mpaka akamwegemea Eliwaza, na Eliwaza, aliyekuwa ametayarishwa kulia, akacheka naye. Wanaume waliuliza siku ile na wanauliza mpaka leo. Hakuna aliyewajibu.

Wiki iliyofuata Shangazi alishuka mjini mpaka dukani. "Ile sehemu yangu ya mwiko ikate peke yake," akaniagiza. "Mafundisho yabaki ya wanawake. Hiyo ya mwiko iweke na ile ya mzee ya ukumbini. Aione yeye na mimi, basi."

"Una anwani, Shangazi?"

"Nimefungua mwenyewe. Yule kijana akaniuliza tarehe ya kuzaliwa, nikampa. Nikamwambia nikiisikia popote, kwao napajua."

Tangu siku ile, mteja akinipa anwani nilikuwa nauliza kwanza: ni nani aliyekufungulia, na ni nani mwingine anayo? Fanyeni hivyo hata kama anayekupa ni profesa. Mkiuliza kwa upole, haichukui muda.

Folda lile lipo ghalani, lina video mbili fupi na anwani mbili. Mkilikuta msilifungue. Eliwaza mwenyewe ameshaniomba nimwonyeshe mumewe, nikamwambia akawaombe wenyewe, na wenyewe wamekataa.

Mwezi uliopita Mzee Lyimo alipanda mpaka huku kwangu. Amebadilisha simu na folda lake halionekani. Nilimkalisha barazani, nikamwelekeza pa kuingilia.

"Nenosiri andika mwenyewe, mzee," nikamwambia, nikamgeuzia mgongo, nikatazama migomba.

Aliandika polepole, herufi moja moja, huku anapumua kwa nguvu. Kisha nikasikia mikeka ile, wanawake wale, na Shangazi anakoroma. Mzee naye akaanza kucheka, akakohoa, akacheka tena.

"Hapa mbona picha inatetemeka?" akauliza.

"Mpiga picha alikuwa anacheka, mzee," nikamjibu, bado nimegeukia migomba.